Bi Asru Hakuomba Kutazamwa

Mnamo mwaka 2025 jumba la makumbusho la Manchester, nchini Uingereza, liliwatolea wageni wake swali fupi: je, tuendelee kuuonyesha mwili wa Asru? Swali hilo lilimhusu mwanamke wa Misri aliyefariki yapata miaka 2,700 iliyopita, ambaye watu wa mji huo, wake kwa waume, wazee kwa watoto, wamekuwa wakimtazama tangu maiti yake ilipofunuliwa mwezi Aprili 1825. Kwa hesabu ya haraka, swali lilichelewa kwa miaka 200 kamili.

Mimi sikuulizwa. Hata hivyo, msomaji mpendwa, sioni ubaya wa kulijibu nikiwa huku Kenya, maadamu aliyelala pale ni Mwafrika, na maadamu sisi nasi tuna neno la kusema mintarafu ya maiti na heshima zao. Lakini jibu lisitangulie. Ni ada yetu msibani kusomewa wasifu wa marehemu kwanza: alikuwa mtoto wa nani, alifanya kazi gani, aliugua nini. Mtu hazikwi kama asiye na wenyewe. Bi Asru naye tumtendee hivyo hivyo.

Alikuwa mwenyeji wa Thebes, mji mkuu wa dini ya Misri ya kale, mahali ambapo leo panaitwa Luxor. Aliandaliwa majeneza mawili, moja likiingia ndani ya jingine, na juu yake yameandikwa majina ya wazazi wake. Mama yake aliitwa Ta-di-Amun, naye anatajwa kwa cheo cha bibi wa nyumba, ambacho Wamisri walimpa mwanamke aliyeolewa na kushika mji wake. Baba yake aliitwa Pa-Kush, karani wa nyaraka wa eneo la kusini. Hapa yafaa mtu ategee sikio. Pa-Kush maana yake ni Mkushi, yaani mtu wa Kush, nchi iliyokuwa upande wa juu wa mto Nile, katika sehemu ambazo sasa ni kaskazini mwa Sudan. Jina peke yake halithibitishi asili ya mtu, najua. Huku kwetu wako akina Otieno waliozaliwa adhuhuri. Walakini zama zenyewe zinalipa jina hilo uzito.

Karibu na mwaka 730 K.K., Piye, mfalme wa Kush, alishuka na mto kutoka mji wake wa Napata akaitiisha Misri. Ukoo wake ndio ule ambao wanahistoria huuita ukoo wa 25, na miongoni mwa waliomfuata ni Shabaka na Taharqa. Watawala hao weusi hawakwenda Thebes kama wavamizi wa kupora hekalu. Walikwenda kama waumini. Walimwabudu Amun kwa bidii iliyowashinda Wamisri wenyewe, wakajenga na kukarabati, na katika ua wa kwanza wa hekalu la Karnak nguzo moja ya Taharqa ingali imesimama hadi leo huku wenzake wakiwa wameanguka. Walioharibu ni wengine: mwaka 663 K.K. majeshi ya Ashuru yaliingia Thebes na kuupora mji huo vibaya sana. Maisha ya Bi Asru yamo ndani ya kipindi hicho cha fahari na misukosuko.

Tena kilikuwa kipindi ambacho wanawake walikuwa na nafasi kubwa hekaluni. Cheo cha juu kabisa cha kike pale Karnak kiliitwa Mke wa Mungu wa Amun. Amenirdis, binti wa mfalme Kashta wa Kush, alikishika, na baada yake Shepenupet, binti wa Piye. Cheo hakikupita kwa kuzaa. Aliyekuwa nacho alimlea binti wa mfalme kama mwanawe ili amrithi. Alikuwa na mashamba, ghala, makarani na watumishi wake mwenyewe, na picha yake ilichongwa ukutani akimtolea mungu sadaka, kazi ambayo zamani ilikuwa ya mfalme. Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilijiuliza kwa nini vitabu vyetu vya historia shuleni vilitufundisha Farao mmoja baada ya mwingine na visitutajie hata mmoja wa akina mama hawa.

Chini ya kivuli cha akina mama hao walikuwako waimbaji wa Amun, na Bi Asru alikuwa mmoja wao. Usidhani, msomaji, kwamba kazi hiyo ilikuwa ya mtumbuizaji wa harusini. Waimbaji wa hekalu walitoka katika jamaa zenye cheo. Mungu wa Wamisri aliamshwa asubuhi, akavishwa, akalishwa na kulazwa usiku kama mfalme nyumbani kwake, na katika ibada hizo ilibidi apendezwe kwa sauti. Waimbaji walishika aina ya kayamba la shaba lenye vijiti vinavyogongana likitikiswa, na mkufu mzito wa shanga ambao nao ulitoa mlio. Sauti ile, waliamini, ilimtuliza mungu asikasirike na kuuacha ulimwengu uharibike. Kwa hiyo mwanamke huyu alipotikisa kayamba lake, kwa imani ya watu wake alikuwa akisaidia kuishikilia dunia isianguke.

Mikono yake inashuhudia maisha hayo. Katika miaka ya utafiti uliofanywa pale Manchester, mtaalamu wa alama za vidole wa polisi wa mji huo aliombwa achukue alama za vidole vyake, na mistari ya ngozi ikaonekana bado safi, haikusuguliwa na mpini wa jembe wala jiwe la kusagia. Ni mikono ya mtu wa nafasi.

Lakini nafasi haikumlinda na maradhi, na hapa ndipo wasifu wake unaponigusa zaidi. Alifariki akiwa na umri wa baina ya miaka 50 na 60, umri mkubwa kwa watu wa wakati huo. Shingo yake ilikuwa na baridi yabisi ya viungo. Uti wa mgongo, upande wa chini kiunoni, ulikuwa umeteguka pingili, na bila shaka maumivu yake yalimnyima usingizi. Ndani ya ukuta wa utumbo wake walikutwa minyoo wembamba waitwao Strongyloides, ambao huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya miguu. Katika mapafu yake mlikuwa na mabaki ya uvimbe wa hidatidi, unaoletwa na tegu wa mbwa. Katika kibofu chake zilipatikana dalili za kichocho.

Tafadhali tusipite haraka mahali hapa. Kichocho ni ugonjwa wa mtu aliyekanyaga maji yenye konokono wanaoubeba. Waulize wakulima wa mpunga wa Mwea, waulize wavuvi wa Ziwa Victoria. Uvimbe wa hidatidi nao Waturkana wanaujua kwa uchungu. Nchi yao imetajwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa zilizosumbuliwa zaidi na ugonjwa huo duniani, kwa sababu mtu na mbwa wanaishi pamoja mahali ambapo maji ni haba. Mwimbaji wa Amun, mwenye majeneza mawili ya rangi, aliugua magonjwa yale yale ambayo zahanati zetu zinapambana nayo leo. Mto haukumuuliza cheo chake. Yeye na mlimaji wa ngano walikanyaga maji yale yale.

Alipofariki walilia. Michoro ya makaburi ya Thebes inatuonyesha jinsi msiba ulivyokuwa: wanawake nywele wazi, mikono juu ya vichwa, wakijipaka vumbi. Kisha maiti ikakabidhiwa mafundi. Kazi yao kamili ilichukua siku 70. Walipasua upande wa kushoto wa tumbo, wakatoa matumbo, maini na mapafu, lakini moyo aghalabu waliuacha mahali pake kwa sababu waliamini kuwa ndio unaofikiri na kukumbuka. Mwili ukafunikwa kwa chumvi iliyochimbwa jangwani katika bonde la Natrun, chumvi ambayo Mkenya angeitambua mara moja, kwani ni ya jamii moja na magadi yetu ya Ziwa Magadi. Chumvi ikanyonya maji yote. Baadaye mwili ulipakwa mafuta na utomvu wenye kunukia, ukazongwa tabaka baada ya tabaka ya vitambaa vya kitani. Viungo vya ndani vya Bi Asru vilifungwa katika kifurushi na kurejeshwa kwake, vikawekwa baina ya mapaja. Hakupaswa kwenda huko aendako akiwa na upungufu.

Kila jambo katika kazi hiyo lilikuwa na sababu. Kuhani alimgusa marehemu kinywa kwa kifaa mfano wa tezo ya seremala ili kinywa kifunguke, apate kula, kunywa na kusema katika maisha ya baadaye. Huko angekabili mizani: moyo wake upande mmoja, unyoya wa haki upande wa pili, na pembeni mnyama wa kutisha akingoja kuumeza moyo utakaozidi uzito. Akishinda, angeishi. Walakini kuishi kulitegemea mambo mawili hapa duniani, nayo ni mwili usiharibike na jina lisisahauliwe. Ndiyo maana makaburi ya Wamisri yana maombi ya kuwataka wapita njia walitaje jina la marehemu na kumtakia mikate, pombe, ng'ombe na ndege kwa maelfu. Pumzi ya mdomo tu ilitosha. Haikumgharimu mpita njia kitu.

Huo ndio wasifu wake. Sasa tuingie katika mashtaka.

Mwaka 1825 William na Robert Philips walikitolea chama cha elimu ya viumbe cha Manchester zawadi: maiti moja na majeneza mawili. Wakati huo Misri ilikuwa chini ya Muhammad Ali, naye alikuwa amepata zao jipya la kumtajirisha, pamba ya nyuzi ndefu, iliyoanza kusafirishwa kwenda katika viwanda vya Uingereza. Manchester ndio uliokuwa mji wa pamba. Meli zilibeba marobota na zilibeba pia vitu vya kale, na aliyevitaka vya kale hakupata shida kuvipata. Zawadi ilipofika, wanachama wakamfungua. Mji uliokuwa ukiivisha dunia nguo ukamvua nguo zake marehemu, zile za kitani alizozongwa na watu wake kwa dua.

Nalo jina lake hawakulijua. Champollion alikuwa ametangaza ugunduzi wake wa kusoma maandishi ya Wamisri mwaka 1822 tu, na elimu hiyo ilikuwa bado changa mno kuweza kufika kila mahali. Fikiria kejeli ya jambo hili: mwanamke aliyeandikwa jina mara kwa mara juu ya majeneza yake ili litajwe, akasimamiwa na watu waliomwona mpaka mifupani wasiweze kulitaja.

Sisi Waswahili tuna neno letu linalokumbusha biashara hiyo. Mumiani. Wazee wa pwani walilijua kama jina la dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyouzwa kwa mivunjiko na maumivu, na iliyosemekana kutoka katika maiti za kale. Huko Ulaya nako, kwa karne nyingi, maiti za Wamisri zilisagwa zikauzwa kama dawa, na nyingine zikatengenezewa rangi ya wachoraji. Baadaye neno hilo lilibadilika huku kwetu, likawa jina la wanyonya damu wa kutishia watoto. Wako wanaocheka hofu ile. Mimi naona watu wetu waligusa ukweli fulani: kwamba kuna watu duniani ambao kwao mwili wa mwenzao ni bidhaa.

Si haki, hata hivyo, kuwatia wataalamu wote katika kapu moja. Mwaka 1973 Rosalie David alianzisha pale Manchester mradi wa uchunguzi wa maiti za Misri uliowakutanisha madaktari, wapiga picha za eksirei, wataalamu wa meno na wa vimelea. Mradi huo ndio uliotufahamisha mengi niliyoyaeleza hapo juu kuhusu maradhi ya Bi Asru. Maiti moja, iliyopewa nambari 1770, ilifunguliwa mwaka 1975. Baada ya hapo mkazo uliwekwa katika njia zisizoharibu, kwa kutumia mrija mwembamba wenye taa na vipande vidogo sana vya nyama kavu. Baadaye watafiti walijaribu kulinganisha kichocho cha kale na cha leo ili kuielewa historia ya ugonjwa huo. Elimu hiyo ina faida, na mtu aliyewahi kumwona mtoto akikojoa damu hawezi kuidharau.

Lakini tutofautishe mambo mawili ambayo watetezi wa maonyesho hupenda kuyachanganya. Kumchunguza ni jambo moja. Kumweka ndani ya kioo siku zote, uchi wa sanda yake, ni jambo jingine. Daktari humvua mgonjwa nguo chumbani, kisha humrudishia. Hamwachi kitandani mlango ukiwa wazi.

Mwezi Mei 2008 jumba hilo hilo la Manchester lilijaribu. Maiti zilizokuwa wazi, yake ikiwemo, zilifunikwa shuka nyeupe. Wageni wakalalamika: walikuja kuona, nao walionyeshwa shuka. Baada ya muda mfupi uamuzi ukabadilishwa. Nadhani kosa la wakati ule lilikuwa la namna, si la nia. Shuka tupu iliyotupiwa mtu juu humfanya aonekane kama aliyefariki jana katika ajali barabarani. Haielezi kitu. Aliyeingia mlangoni bila kujua habari atatoka hajui.

Wapo wenye hoja nzito zaidi, na sitaki kuikwepa. Husema kwamba Mmisri wa kale alitaka akumbukwe, na kwamba hakuna Mmisri anayekumbukwa kuliko yule aliye katika jumba la makumbusho. Kila mtoto wa shule wa Manchester anamjua Asru, ilhali wenzake waliobaki makaburini hakuna awatajaye. Pia hutuelekeza Misri kwenyewe. Wamisri wa leo huwaonyesha wafalme wao. Ni kweli kwamba mwaka 1980 Rais Anwar Sadat aliamuru chumba cha maiti za wafalme kifungwe kwa kuwa kuwatazama wafu hakupendezi, lakini kilifunguliwa tena mwaka 1994, na tarehe 3 Aprili 2021 maiti 22 za wafalme na malkia zilipitishwa katika barabara za Cairo kwa gwaride na ngoma, zikihamishiwa jumba jipya. Kama mwenye nyumba anaonyesha, mgeni atajizuia kwa lipi?

Jibu langu ni kwamba wafalme wale wanaonyeshwa na watu wa nchi yao wakiwa wamezongwa kitani sehemu kubwa ya mwili, na walipokelewa na rais wa nchi akiwa amesimama. Bi Asru hakupokelewa na mtu. Kuhusu kukumbukwa, tusome vizuri maombi ya watu wake. Waliomba jina litajwe. Waliomba chakula kwa maneno. Hawakuomba vitambaa vifunguliwe ili mpita njia aone meno na mbavu. Mtu aliyelipia tabaka hizo zote za kitani na majeneza mawili juu yake amekwisha kutueleza bila shaka yoyote anataka kuonekana kiasi gani.

Mkenya anayedhani kwamba mambo haya ni ya mbali na awaulize Wanandi. Koitalel arap Samoei aliuawa kwa hila mwaka 1905 na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Fimbo za uongozi wake zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006, zaidi ya miaka 100 baadaye. Jamii yake imekuwa ikidai kwamba kichwa chake nacho kilipelekwa huko, na imekitafuta kwa muda mrefu ili kimzikwe nacho. Hakuna Mnandi atakayeridhika akiambiwa kwamba mradi kichwa kikionekana na watoto wa shule, basi Koitalel anakumbukwa.

Bi Asru hana jamaa wa kumdai. Wamisri wa leo wana dini nyingine na lugha nyingine, na hekalu alilokuwa akiimba limekuwa la watalii. Iwapo serikali ya Misri itamtaka, na aende. Hadi siku hiyo, walio naye ndio walinzi wake, na kazi ya mlinzi si ngumu kuieleza. Azongwe kitani upya. Alazwe ndani ya jeneza lake la ndani, na la ndani ndani ya la nje, kama alivyolazwa na watu wa nyumba yake, vifuniko vifungwe. Daktari atakayekuwa na swali jipya lenye faida aombe ruhusa, afungue, achunguze, afunge.

Wala wageni hawatakosa cha kutazama. Jeneza la Mmisri lina uso uliochorwa kwa rangi, macho makubwa yaliyo wazi, na chini yake miungu na maandishi ya majina. Sura hiyo ndiyo aliyokusudiwa tuione. Kando yake paandikwe, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzisoma kwa sauti: Asru, mwimbaji wa Amun, binti wa bibi wa nyumba Ta-di-Amun na karani Pa-Kush. Mtoto akishasoma, mwalimu amwambie habari za kichocho na konokono, na ule mto.